Kwa Nini Mpira wa Mkojo Huziba

Mtu ambaye mkojo wake umekataa kutoka huwa katika taabu kubwa mno. Wazee wengi waliovimba tezi dume waijua taabu hiyo, na vilevile watu waliovunjika uti wa mgongo kwa ajali za magari au kwa kuanguka kutoka mtini. Daktari au muuguzi humsaidia mtu huyo kwa kumtia mrija mwembamba uitwao katheta, ambao sisi kwa desturi twauita mpira wa mkojo. Mara mkojo hutiririka, na mgonjwa hushusha pumzi.

Lakini wale wanaokaa na mpira huo kwa majuma mengi hupatwa na jambo jingine. Siku moja mfuko wa mkojo huonekana mtupu. Tumbo la chini linakaza, jasho linamtoka mgonjwa, na mkojo ama unapenya kando ya mpira ama haupiti kabisa. Hapo watu wa nyumbani huanza kutafuta wa kulaumiwa: huyu asema mpira ulikuwa wa bei rahisi, yule asema muuguzi hakuutia sawasawa, na mwingine asema mzee mwenyewe ameukalia. Pengine ni kweli umekunjika, na hilo lapasa kutazamwa kwanza. Walakini mara nyingi mpira uliotolewa ukipasuliwa kwa kisu huonekana umejaa mawe, meupe kama chokaa. Watafiti wamekadiria kwamba karibu nusu ya watu wakaao na mpira kwa muda mrefu huzibiwa hivyo. Mawe hayo hayakutoka kiwandani, wala hayakutiwa na mtu. Hutengenezwa humo humo ndani ya mpira, na anayeyatengeneza ni kiumbe kidogo sana asiyeonekana kwa macho.

Kwanza tuutazame mpira wenyewe. Zamani katheta ilikuwa haikai. Ilifungwa kwa uzi au kwa plasta ili isichomoke. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja wa Marekani, Frederic Foley, aliyefanya kazi katika mji wa Saint Paul, alitengeneza katheta yenye puto dogo karibu na ncha yake. Ikiisha kuingia kibofuni, puto hujazwa maji safi, kwa kawaida kiasi cha mililita 10, nalo huizuia isitoke. Mpaka leo katheta ya namna hiyo yaitwa kwa jina lake. Ndiyo maana ni hatari kubwa mgonjwa kuuvuta mpira kwa nguvu: puto likiwa limejaa litapasua njia ya mkojo.

Kifaa cha Dr. Foley ni chema, lakini kina madhara mawili yasiyoepukika. Mkojo wa mtu mzima wa afya hukaa kibofuni kwa saa kadhaa, kisha hutoka wote kwa nguvu na kuosha njia yake. Penye mpira hakuna kuosha huko. Mkojo hudondoka polepole mchana na usiku, na chini ya puto hubaki dimbwi dogo lisiloisha. Tena mpira ni daraja: vijidudu vya nje hupanda juu yake mpaka ndani. Imeonekana kwamba kila siku ipitayo, wagonjwa 3 hadi 7 katika kila 100 wenye mpira huanza kuwa na vijidudu mkojoni, na baada ya mwezi karibu wote wanavyo. Si wote wanaougua kwa sababu hiyo, wala si wote wanaohitaji dawa.

Vijidudu hivyo havielei ovyo. Hujishikiza katika ukuta wa mpira na kujifunika kwa ute. Msomaji ameuona utelezi katika mawe ya mto au ndani ya mtungi usiosuguliwa, naye ameuhisi ukoga katika meno yake asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Ukoga wa mpira ni wa jinsi hiyo hiyo. Dawa inayoua vijidudu vinavyoelea kwa urahisi hushindwa kuvifikia vilivyojificha ndani ya ukoga, na kwa hiyo vidonge peke yake haviwezi kuusafisha mpira mchafu.

Katika aina nyingi za vijidudu hivyo, mmoja ndiye mwashi wa mawe. Jina lake ni Proteus mirabilis. Mtaalamu wa Ujerumani, Gustav Hauser, ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1885, kwa kumkumbuka Proteus wa hadithi za Wayunani, mzee wa baharini aliyeweza kujigeuza umbo apendavyo. Jina lamfaa. Akiwa ndani ya maji kijidudu hiki ni kifupi kama punje ya mchele. Akigusa kitu kigumu hurefuka, huota nyuzi nyingi za kuogelea, na kundi zima husafiri pamoja juu ya uso wa mpira kama siafu.

Lakini hatari yake si mwendo, bali chakula chake. Katika mkojo mna takataka ya mwili iitwayo urea. Wakulima wa mahindi wanaijua urea, kwa kuwa huuzwa magunia kwa magunia kama mbolea. Tena wanajua kwamba urea ikimwagwa juu ya udongo wenye unyevu, isifukiwe, sehemu yake hupotea hewani kwa kugeuka amonia, hewa ile kali ichomayo pua katika zizi la mbuzi. Kinachoigeuza ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya vitu, na kimeng'enya hiki chaitwa ureasi. Kimo katika vijidudu vya udongo, kimo katika mbegu za mimea kadha wa kadha, na kimo kwa wingi katika Proteus.

Ureasi ina historia yake, na yafaa isimuliwe. James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell alikatwa mkono wa kushoto alipokuwa kijana wa miaka 17, baada ya kupigwa risasi kwa bahati mbaya katika uwindaji, naye alikuwa mtu wa mashoto. Ilimlazimu kujifunza kila kitu upya kwa mkono wa kulia. Waalimu wakamwambia kwamba kemia haimfai mwenye mkono mmoja. Yeye akaendelea, na mwaka 1926 akaitoa ureasi katika unga wa maharagwe ya aina moja, ikiwa safi, katika umbo la fuwele. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kupata fuwele za kimeng'enya chochote, na wakubwa wengi wa kemia walikataa kuamini kwamba kimeng'enya ni protini. Mwaka 1946 Sumner alipata fungu lake la Tuzo ya Nobel.

Basi turudi ndani ya mpira. Mkojo kwa kawaida una uchachu kidogo, na uchachu huo ndio unaoyeyusha chumvi za magnesi, kalisi na fosfeti zilizomo, kama sukari inavyoyeyuka katika chai. Proteus akiipasua urea, amonia huujaza mkojo, na uchachu hugeuka kuwa hali ya magadi. Chumvi zile haziwezi tena kukaa zimeyeyuka. Huanguka juu ya ukoga zikiwa mawe madogo sana. Vijidudu hukua juu ya mawe, mawe huongezeka juu ya vijidudu, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia imefungwa. Aliyeona ukoko mweupe ndani ya birika lililochemshiwa maji ya kisima cha chumvi ameona kitu kinachofanana na hicho, ila birika halina mkazi wa kuujenga kwa makusudi ya kula.

Ni kwa sababu hiyo wataalamu wa vifaa, wa kemia ya mwili na wa magonjwa ya mkojo wamelazimika kukaa meza moja. Shauri la kwanza lilikuwa kuubadili mpira. Mipira ya kale ni ya utomvu wa mti wa mpira. Mingine ya siku hizi ni ya silikoni tupu. Ile ya silikoni ina ukuta mwembamba na tundu pana zaidi kwa unene ule ule, kwa hiyo huchelewa kuziba. Huchelewa tu, katika majaribio ya maabara iliziba nayo.

Shauri la pili lilikuwa kuupaka mpira sumu ya vijidudu. Madini ya fedha yalitumainiwa sana, maana yanajulikana tangu zamani kuwa huua vijidudu, na mipira iliyopakwa fedha iliuzwa kwa bei ya juu. Hatimaye jambo hilo lilipimwa kwa haki katika hospitali 24 za Uingereza, kwa wagonjwa zaidi ya 7,000 waliotiwa mpira kwa siku chache, na matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Katika wagonjwa wa mpira wa kawaida, 12.6 katika kila 100 waliugua ugonjwa wa mkojo uliohitaji dawa. Katika wale wa mpira wa fedha walikuwa 12.5. Mpira wa tatu, uliotiwa dawa ya nitrofurazoni, ulikuwa na 10.6, lakini uliwasumbua wagonjwa kwa maumivu zaidi. Hospitali maskini isiyoweza kununua mpira wa fedha haina haja ya kuona haya.

Wengine wakaona heri kukizuia kimeng'enya chenyewe. Iko dawa ya kuifunga ureasi iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1983, ila madhara yake kwa mwili ni mengi, na madaktari huitoa kwa tahadhari kubwa.

Siku hizi wataalamu wa vifaa wameacha kuuliza jinsi ya kuua na wameanza kuuliza jinsi ya kuwanyima vijidudu mahali pa kushika. Anthony Brennan wa Florida aliiga ngozi ya papa, ambayo haioti magugu wala chaza kama matumbo ya meli, akachora mistari midogo mno juu ya plastiki. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 2011, Joanna Aizenberg na wenzake waliiga mmea wa Nepenthes, ambao jamaa zake huota katika visiwa vya bahari yetu, Madagaska na Shelisheli. Mmea huo una kikombe chenye mdomo unaoteleza, na mdudu akikanyaga huporomoka ndani na kuliwa. Wao walilowesha vitu vigumu kwa mafuta yasiyotoka, vikawa na utelezi huo.

Kisha watafiti wa vyuo vikuu vya Notre Dame na Maine wakaligusa jambo ambalo wengi walilisahau. Mpira unapokwaruza kibofu, mwili wenyewe humwaga protini za kuganda damu kama unaponya kidonda. Protini hizo huupaka mpira, na vijidudu hushika hapo kama kupe. Mwaka 2022 walitangaza kwamba katheta za silikoni zilizonyweshwa mafuta ya silikoni, zilipotiwa katika panya, zilishikwa na protini kidogo na vijidudu vichache, bila sumu yoyote. Panya si mtu, na majuma ya mgonjwa wa uti wa mgongo ni mengi kuliko siku za panya. Lakini mimi naona njia hii ina akili kuliko ile ya fedha.

Wakati hayo yakingojewa, msaada mwingine uko karibu zaidi. Dr. David Stickler na wenzake wa Cardiff, nchini Wales, walionyesha kwamba mkojo uliochanganyika na maji mengi, na wenye asidi ya sitriki iliyomo katika malimau, huchelewa kuangusha mawe hata kijidudu kikiwamo. Kwa hiyo mwenye mpira hushauriwa kunywa maji kwa wingi mchana kutwa, na kukamulia limau ndani yake si upuuzi wa vibibi. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo na amwulize daktari kwanza. Kina mama walioshonwa fistula wanalijua agizo hili la maji, maana mpira wao ukiziba kibofu hujaa, na mshono wa daktari waweza kufumuka usiku mmoja.

Tena mpira bora kuliko yote huenda ukawa ule usiokaa. Mwaka 1972 Dr. Jack Lapides wa Michigan alieleza jinsi wagonjwa wanavyoweza kujitia katheta safi wenyewe, kuutoa mkojo wote, na kuichomoa, mara kadhaa kwa siku. Wengi waliovunjika mgongo wanaweza kufundishwa kazi hiyo, nao waliulize jambo hilo hospitalini.

Mpira ukiacha kutoa mkojo, utazameni kama umekunjika, na mfuko uwe chini ya kibofu bila kugusa sakafu. Kama haukutiririka baada ya hapo, msingoje kuche. Mkojo unaorudi nyuma hupeleka vijidudu katika figo na damu. Kwa aliyevunjika mgongo sehemu ya juu, kifuani au shingoni, haraka ni kubwa zaidi. Akianza kuumwa kichwa sana na uso kuwa mwekundu au kutoka jasho, damu yake imepanda ghafla kwa sababu ya kibofu kilichojaa, na aweza kupasuka mshipa wa ubongo. Mketisheni wima, mpelekeni hospitali saa ile ile, mkamwambie muuguzi kwamba mpira umeziba.

Na kila mpira unapobadilishwa, mwombeni muuguzi mwenye glavu auviringishe kati ya vidole karibu na ncha. Ukikwaruza kama wenye mchanga, mwashi yumo kibofuni. Andikeni katika kadi ya mgonjwa mpira huo ulikaa siku ngapi, ili ule unaofuata utolewe kabla ya siku hizo kutimia.