"Virusi" na "Kinga": Maneno Mawili Katika Malezi ya Mtoto Aliyepandikizwa Figo

Makala haya yananuia kuonyesha jinsi maneno mawili ya Kiswahili tuliyoyazoea yanavyoweza kumpotosha mzazi wa mtoto aliyepandikizwa figo, hususan mtoto huyo anapohara.

Tuchukue mfano wa mzazi anayeishi Kitale au Bungoma. Hospitali ya rufaa iliyo karibu naye ambako figo hupandikizwa iko Eldoret, takriban kilomita 70 kutoka Kitale, na mbali zaidi kutoka Bungoma. Usiku mtoto anaanza kuhara, au "kuendesha" kama wasemavyo wengi. Katika zahanati ya jirani anaambiwa, "Mtoto ana virusi." Kwa kuwa neno hilo lilienea nchini kupitia kampeni dhidi ya UKIMWI, mzazi anasikia ugonjwa mwingine kabisa. Anaingiwa na hofu, pengine aibu, na huenda akanyamaza.

Ilhali virusi ni vya aina nyingi. Virusi vya rota vilitambuliwa na Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne mwaka wa 1973. Jina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa sababu ya umbo lake. Virusi vya noro navyo vinatokana na jina la Norwalk, mji wa Marekani uliokumbwa na mkurupuko mwaka wa 1968. Aina zote mbili huenezwa na mikono, maji na vyakula vilivyochafuliwa kwa kinyesi.

Neno la pili ni "kinga". UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Hivyo basi, tumefunzwa kuwa kinga ikipungua, mtu huangamia. Mtoto aliyepandikizwa figo, hata hivyo, hupewa dawa zinazopunguza kinga kwa makusudi, ili mwili usiikatae figo ngeni. Mzazi asiyeelezwa hivyo anaweza kuzikatiza mtoto anapohara, akidhani anamwokoa, na figo ikakataliwa. Kuendelea nazo bila kumwarifu daktari pia kuna hatari, kwani kuhara kunaweza kupandisha kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, katika damu, nayo ikizidi hudhuru figo. Upungufu wa maji mwilini huidhuru vilevile. Aidha, kuhara ambako kwa watoto wengine huisha kwa siku chache, kwake kunaweza kudumu kwa wiki au hata miezi. Apaswalo kufanya mzazi ni kuwapigia simu mapema madaktari waliompandikiza mtoto, kabla ya kubadilisha dawa yoyote.

Chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa kwa watoto wachanga nchini Kenya Julai 2014, ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa kawaida haitolewi baada ya upandikizaji. Inafaa ikamilishwe mapema, katika uchanga.

Tunapendekeza kuwa "virusi" isitajwe peke yake, bali "virusi vya tumbo". Na badala ya "kupunguza kinga", isemwe "kutuliza kinga ili figo isikataliwe". Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaounda istilahi hatuna budi kuzifuata hadi wodini, tusikie zinavyopokelewa na mama aliyempakata mtoto.