Ajali ya bodaboda: Pikipiki isipone kabla ya mtu

Katika familia nyingi zinazoishi kwa kutegemea bodaboda, ajali ikitokea pikipiki hufika gereji kabla mwenyewe hajafika hospitali. Sababu inaeleweka. Chombo hicho ndicho kinacholeta unga, kodi ya chumba na ada ya mtoto. Kama kimechukuliwa kwa mkataba, mwenye nacho anasubiri hesabu yake jioni, kiwe kimetembea au kimelala.

Ndiyo maana baba hununua dawa za maumivu, hufunga kidonda kwa kitambaa na siku ya tatu yuko kijiweni. Mama naye hukopa kwenye kikoba ili taa na rimu vinunuliwe. Haraka hiyo inaweza kuigharimu familia kuliko ajali yenyewe, kwa sababu mwili na pikipiki vyote huficha madhara.

Mwili kwanza

Aliyegonga kichwa anaweza kuinuka, akaongea na hata kutania, kisha hali ikabadilika saa kadhaa baadaye. Asiachwe peke yake kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo. Kutapika mara kwa mara, kichwa kuuma zaidi, kuchanganyikiwa, degedege, usingizi ambao haamki kirahisi, au majimaji yanayotoka puani na masikioni ni dalili za kumkimbiza hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Tumbo nalo lisisahauliwe. Usukani ukimgonga mtu tumboni unaweza kuumiza ini, wengu au utumbo bila kuacha kidonda kikubwa nje. Tumbo likiwa gumu, maumivu yakizidi au mkojo ukiwa na damu, huyo si mtu wa kusubiri kesho. Na kidonda kilichoingia mchanga wa barabarani kinahitaji kusafishwa vizuri, pamoja na kuuliza kama majeruhi anahitaji chanjo ya pepopunda.

'Tumalizane hapa hapa'

Baada ya kugongana, mara nyingi watu wa pembeni husukuma pande mbili zielewane haraka. Fedha kidogo hutolewa, watu wanapeana mikono, kila mmoja anashika njia yake. Tatizo huja wiki inayofuata, mguu uliodhaniwa umeteguka unapoonekana kwenye picha ya eksirei kuwa umevunjika. Wakati huo namba ya simu iliyoachwa haipokelewi.

Ajali yenye majeruhi inapaswa kufika polisi. Nchini Tanzania, polisi ndiyo hutoa fomu ya PF3 inayotumika kurekodi majeraha hospitalini, na bila kumbukumbu za polisi na za hospitali ni vigumu kudai fidia baadaye. Mgonjwa aliye katika hali mbaya apelekwe kutibiwa kwanza, na ndugu mwingine ashughulikie fomu.

Kabla vyombo havijaondolewa, simu ya mkononi inatosha kupiga picha za namba za usajili, mahali vilipoangukia, alama za breki na stika ya bima. Majina na simu za mashahidi wawili yaandikwe. Stakabadhi zote, za dawa, nauli na vipuri, ziwekwe kwenye bahasha moja nyumbani.

Bima inamlipa nani?

Hapa familia nyingi hushtuka. Bima ndogo, ile ya lazima kisheria, ipo kwa ajili ya watu wengine walioumizwa na chombo hicho. Haimtibu dereva aliyesababisha ajali wala haitengenezi pikipiki yake. Bima kubwa ndiyo inayogusa chombo chenyewe, kwa masharti ya mkataba wake.

Kama kosa ni la upande wa pili, madai hupelekwa kwa kampuni iliyokatia bima chombo cha upande huo. Kampuni yenyewe iarifiwe mapema, na pikipiki isifunguliwe gereji kabla haijakaguliwa. Fundi akishabadilisha vifaa, ushahidi wa uharibifu umeondoka navyo. Uhalali wa stika unaweza kuhakikiwa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA.

Gereji isiishie kwenye rangi

Taa mpya, kioo na plastiki za pembeni huifanya pikipiki ionekane imepona. Yanayoua yako ndani: shokapu za mbele zilizopinda, rimu yenye ufa, fremu iliyosogea, waya wa breki uliokunjika.

Zipo dalili ambazo hata asiye fundi anaweza kuziona. Pikipiki huvuta upande mmoja ikiwa kwenye barabara iliyonyooka, usukani haulingani na tairi la mbele, mafuta huvuja kwenye shokapu, au tairi la nyuma halifuati mstari wa la mbele. Fremu iliyopinda sana si ya kupashwa moto na kunyooshwa kwa nyundo, kwani chuma hupoteza uimara wake.

Fedha zikiwa chache, mpangilio ni huu: breki, usukani na shokapu, matairi na rimu, kisha taa. Rangi na urembo vinaweza kusubiri mwezi mwingine. Fundi aombwe kurudisha vifaa vya zamani alivyobadilisha, na bei iandikwe kabla ya kazi kuanza.

Kofia ngumu iliyopokea kishindo haifai tena, hata kama haina mpasuko. Tabaka la ndani linalofyonza mshtuko hubonyea mara moja tu. Mapitio ya tafiti yameonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia nzima, iliyofungwa mkanda.

Mtoto aliyeona

Mtoto aliyekuwa amepakiwa siku hiyo anaweza kutoka bila mchubuko, kisha akaanza kukojoa kitandani, kuota ndoto mbaya au kulia akisikia mlio wa pikipiki. Asichekwe wala kulazimishwa kupanda kesho yake 'ili azoee'. Aachwe aeleze, apewe majibu ya kweli, na kwa muda apelekwe shule kwa miguu au daladala inapowezekana. Hali ikiendelea kwa zaidi ya mwezi, mtaalamu wa afya aonwe.

Siku atakayopanda tena, awe na kofia inayomtosha, na isiwe mshikaki na wenzake wawili.

Kuhusu hesabu, mwenye chombo aelezwe mapema na aonyeshwe cheti cha daktari. Wapo wanaokubali kusogeza tarehe, au dereva mwingine kushika pikipiki kwa muda. Mapato yatapungua, lakini mfupa uliovunjika huchukua wiki nyingi kuunga, na dereva asiyeweza kubana breki kwa mkono wake hajawa tayari kubeba mtoto wa mtu.