Muhindi Haunywi Wastani

Makopo 16 ya maziwa ya unga, maandishi yamefutwa na jua, yamepangwa mistari minne katikati ya springla nne. Kutoka kopo hadi kopo ni mita 3. Nilifika kwenye shamba hilo, tambarare za chini ya Moshi, kuulizia bei ya mahindi. Bei nimeshaisahau. Makopo hayajanitoka kichwani.

Mwenyewe ni fundi wa maji, mzee wa mabuti ya mpira na daftari la shule lililovimba kwa unyevu. Hakuniacha nipite katikati. "Zunguka, mwanangu. Ukipiga kopo moja teke, saa nzima imekwenda bure."

Anafungua maji kwa saa moja, anafunga, kisha kila kopo analimimina kwenye chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye alama za mililita. Anachuchumaa mpaka jicho liwe sawa na mstari. Anaandika. Anakung'uta tone la mwisho, anahamia kopo la pili. Mdomo wa kopo una upana wa sentimita 10, kwa hiyo mililita 8 hivi ni sawa na milimita moja ya mvua. Hesabu hiyo anaipiga kichwani huku akizungumza. Anapima sasa, mahindi yakiwa hayajafika kifundo cha mguu, kwa sababu yakirefuka majani yataziba makopo.

Kanuni anayoifuata ni ya J. E. Christiansen wa University of California, aliyeitoa mwaka 1942: tazama kila kopo limeachana na wastani kwa kiasi gani, uone maji yameenea sawa kiasi gani. Mvua iliyolingana kabisa ingepata 100. Wengi huridhika ikifika 84.

"Hili milimita 5, lile 15. Wastani 10, tajiri anafurahi," alisema mzee. "Lakini muhindi haunywi wastani. Unakunywa kilichoanguka miguuni pake."

Sifa za springla tunazijua, na wauzaji hawachoki kuzirudia: kwa makadirio ya FAO, mfereji wa kawaida hufikisha kwenye mizizi asilimia 60 ya maji, springla 75. Kisichotajwa dukani ni hayo makopo. FAO hao hao, mwaka 1979, walionyesha kwamba mahindi yakikosa sehemu moja ya kumi ya maji yanayoyahitaji msimu mzima, mavuno hupungua kwa asilimia 12 na nusu hivi; upungufu wa kiasi hicho ukiangukia wakati wa kuchanua na kutoa ndevu, hufika 15. Shamba moja, bomba moja, na mistari iliyo mbali na springla inavuna magunzi yenye mapengo.

Wenye mashamba, anasema, huona mabaka makavu wakaongeza saa za pampu. Mabaka yanapona kidogo, huku sehemu nyingine zikilowa kupita kiasi na mbolea ya naitrojeni ikisombwa chini ya mizizi. Dizeli nayo inalipwa. Yeye huanza na matundu ya springla: lipi limelika kwa mchanga, nani alibadilisha moja akaweka la saizi nyingine. Kisha presha. Kisha upepo, ambao huku huvuma alasiri na kuyasukuma maji yote upande mmoja. Ndiyo maana humwagilia usiku, naye hulala shambani, maana mabomba ya alumini yana wapenzi wengi. Usiku una faida nyingine: pale maji ya kisima yana chumvi, matone yakikauka juani huacha chumvi juu ya majani na kuyababua.

Nilimwuliza maji yanayookolewa yanakwenda wapi. Akanionyesha kwa kidole ekari zilizolimwa karibuni, zikingoja mabomba. Sasa mto unapata nini? Maji yaliyokuwa yakipotea mferejini, mengine yalizama ardhini yakaibukia kwa jirani wa chini, mengine yakarudi mtoni kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Yakinyweshwa mahindi mapya, hayarudi tena. Nilimweleza hivyo, naye akafunga daftari.

"Hilo kawaulize watu wa Bonde la Pangani. Mimi napima yaliyofika hapa."