Kutegea katika Kazi ya Pamoja

Methali "Mkono mmoja haulei mwana" hutajwa mara nyingi inaposifiwa kazi ya pamoja. Yasema kwamba mmoja hatoshi. Haisemi kwamba kila mmoja miongoni mwa wengi atatoa nguvu zake zote. Makala haya yanalichunguza pengo hilo.

Katika miaka ya 1880, Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alipima nguvu za watu waliovuta kamba. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1913, yalionyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua. Walipofikia wanane, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu zake.

Upungufu huo una sababu mbili. Ya kwanza ni kutooana kwa mivuto: huyu avuta, yule apumua. Dawa yake ni mwito kama "harambee", unaowakusanya wavutaji katika mkupuo mmoja. Ya pili ni kutegea, yaani kukwepa kazi huku mtu akitegemea jasho la wenzake. Hapa mwito pekee hautoshi.

Mwaka 1979, Bibb Latané na wenzake walizitenganisha sababu hizo nchini Marekani. Wanafunzi walifungwa vitambaa machoni, masikio yao yakajazwa kelele, kisha wakaambiwa wapige ukelele pamoja na wenzao, hali kila mmoja alipiga peke yake. Aliyedhani yumo katika kundi la watu sita alitoa asilimia 74 tu ya sauti yake. Hapakuwa na mivuto ya kuoanisha. Kilichopungua ni jitihada. Mwaka 1981 watafiti haohao walionyesha kwamba kila mtu alipojua kuwa sauti yake inapimwa peke yake, kutegea kulikoma.

Basi kutegea si lazima kuwe uvivu wa kuzaliwa. Mtu yuleyule hujitahidi mchango wake unapoonekana, na hulegea unapofichika.

Jambo hili lina uzito vyuoni, ambako kazi ya kikundi aghalabu hupewa alama moja. Alama hiyo humsawazisha mtegeaji na mchapakazi, naye mchapakazi, akichelea kunyonywa, hupunguza bidii. Kuhubiri umoja hakutoshi. Kila mwanafunzi apewe sehemu inayojulikana kuwa yake. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," husema methali: apewe jembe lake, mkononi mwake.