Tambi Zilizobaki Mogadishu

Ndugu askari wa Mpumudde, Jinja, aingiapo mkahawa wa Kiitalia mjini Kampala, hana haja ya kuiogopa sahani ya spageti. Chakula hicho si kigeni kwa askari wa Afrika. Februari 1941 majeshi ya Waingereza, yenye Waafrika wengi safuni, yaliwatoa Waitalia Mogadishu. Walirudi 1950, wakaondoka 1960, na tambi zikabaki. Wasomali huzila kwa mchuzi wa nyama na nyanya, ndizi mbivu pembeni, wengine kwa mkono. Vijana wetu waliokwenda huko kulinda amani tangu Machi 2007 wamezikuta. Mwenyeji akikuandalia, kula kama alavyo yeye. Kampala nako, uma ukikushinda, omba kijiko. Ila bei iulizwe kabla ya kuketi.