Matanga yakishaanuliwa, mtoto anabaki na nani?

Jumamosi ya Mei 6, 2017, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba Karatu, kwenye mtihani wa ujirani mwema. Liliacha njia eneo la Rhotia na kutumbukia katika korongo la Marera. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki dunia. Jumatatu iliyofuata Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulifurika waombolezaji, wakiongozwa na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais. Watoto watatu walionusurika walipelekwa kutibiwa Sioux City, Marekani, wakarudi nyumbani Agosti.

Msiba wa namna hiyo unaacha majeruhi wengine ambao gari la wagonjwa haliwafuati. Yupo aliyekuwa akikaa dawati moja na marehemu. Yupo mdogo mtu, aliyezoea kulala na kaka yake kitanda kimoja na sasa kitanda ni chake peke yake. Hao hawana kidonda cha kufungwa bendeji, na ndio wanaonisukuma kuandika.

Watu wa Arusha na Meru kwa kufiwa hatuachani. Turubai linafungwa, sufuria zinaazimwa, kwaya ya usharika inafika, majirani wanakesha. Mtoto, kwa nia njema kabisa, anapelekwa nyumba ya pili asije akasumbua. Akilia anaambiwa ajikaze. Akiuliza anaambiwa mama amesafiri. Siku ya kuanua matanga mtu mzima ameshakisimulia kile kifo kwa kila aliyeingia kutoa pole, na kila aliposimulia kilipungua uzito kidogo. Mtoto hajakisimulia hata mara moja.

Baada ya wiki chache mambo yanaanza. Wa miaka minane, aliyekwishaacha kukojoa kitandani, anarudia. Tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi. Akipelekwa zahanati, vipimo havionyeshi kitu. Mwingine anapiga wenzake bila sababu. Mwingine ananyamaza kupita kiasi, na huyo ndiye anayenitia hofu zaidi, maana watu wanamsifu kwamba ametulia.

Wala si kifo peke yake. Kuna baba anayeshinda wiki nzima machimboni Mererani, akirudi anarudi na madeni na hasira. Kuna nyumba zilizoyumba mwaka 2020 watalii walipokatika, ugomvi uliozaliwa mwaka ule ukahamia ndani moja kwa moja. Na kuna kipigo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa miaka 13 hadi 24, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Mzazi akishauriwa ampeleke mtoto kwa mshauri nasaha, kinachomjia kwanza akilini ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na anakataa hapohapo. Laiti angejua kilichofanyika Moshi, mwendo mfupi tu kwa basi kutoka hapa. Huko na Bungoma, Kenya, watafiti waliupima mpango ulioitwa Pamoja Tunaweza kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili: baadhi waliingia kwenye mpango, wengine wakapata huduma za kawaida. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo yale, wakafundishwa kazi na kusimamiwa kwa karibu.

Watoto wa mpango walikutana kwa vikundi, mara 12. Mwanzoni hawaulizwi habari za kifo. Wanajifunza kutuliza mwili kwa kupumua, kutaja wanachosikia moyoni, kupima wazo kama "mama amekufa kwa sababu yangu" na kuona kama lina ukweli. Kisha kila mmoja anakaa faragha na mshauri na kuisimulia siku ile, taratibu, na kuirudia mpaka inapungua makali. Wakati huohuo bibi, shangazi au mjomba anayemlea ana kikundi chake, anajifunza kuisikiliza habari ileile bila kumkatiza mtoto.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mikutano ilipoisha, watoto wa mpango walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti. Mwaka mmoja baadaye, upande wa Tanzania, wale waliopata huduma za kawaida walikuwa wamewafikia. Wapo watakaosema basi tungoje, muda utawaponya. Mimi nasema mwaka mzima wa kuamka usiku ukipiga kelele ni mrefu mno kwa mtoto wa miaka minane, ikiwa dawa yake ni mikutano 12.

Shule zetu zina walimu wa malezi na unasihi, lakini kanuni za nchi bado zinaruhusu viboko kwa idhini ya mkuu wa shule. Mtoto hawezi kumpa siri yake mchana mtu aliyemchapa asubuhi. Mwalimu huyo aondolewe fimbo mkononi na apunguziwe vipindi, la sivyo cheo kinabaki kwenye karatasi. Nje ya shule yuko afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 inapigwa bure.

Ombi langu kwa halmashauri za Jiji la Arusha, Wilaya ya Arusha na Wilaya ya Meru ni kuanzisha vikundi kama vile vya Moshi, na kuangalia kalenda. Kazi hii bila mlezi inachechemea, na baba wengi wa mji huu ni madereva na waongoza watalii, ambao kuanzia Juni hadi Oktoba wako Serengeti na Ngorongoro. Aprili na Mei, mvua zikipiga na magari yakiwa yameegeshwa, wako nyumbani. Vikundi vya familia vianze miezi hiyo, Jumamosi mchana, kwenye darasa la shule ya msingi ya kata, na barua ya mwaliko iandikwe kwa jina la baba.