Bima ya vitu vya nyumbani: Mke na mume wahesabu pamoja kabla ya safari

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Mutukula anajua kulinda mzigo wake. Hufunga turubai, huhesabu marobota na kushika karatasi za forodha kama roho yake. Lakini nyumba aliyoiacha nyuma, yenye jokofu, televisheni, makochi na cherehani, mara nyingi inalindwa na kufuli moja na jirani mwema.

Wengine hujiliwaza kwamba bima wanayo. Wakiulizwa ipi, hutaja Kadi ya Njano ya COMESA iliyo kwenye gari. Kadi hiyo hufidia watu wengine wanaoumizwa au kuharibiwa mali na gari lako ukiwa nchi nyingine. Kitanda chako haikijui.

Bima ya vitu vya nyumbani ni mkataba tofauti, na mpangaji pia anaweza kuukata. Jengo ni jukumu la mwenye nyumba. Vyombo vilivyomo ni vyako. Kwa kawaida hufidia hasara ya moto na wizi wa kuvunja, na mikataba mingine huongeza mafuriko. Hata hivyo hufungwa kwenye anwani moja. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010, lakini bima ya nyumba ya Arusha haihamii kwenye chumba ulichopanga Nairobi. Hicho kinahitaji mkataba wake, chini ya sheria za Kenya.

Panapowaumiza zaidi wafanyabiashara ni kwenye bidhaa. Chukua mfano wa mke anayeuza vitenge na kuhifadhi marobota sebuleni. Mume ndiye aliyejaza fomu, akaandika kuwa nyumba ni ya kuishi tu. Moto ukitokea, huenda kampuni ikalipa makochi na kukataa vitenge, kwa kuwa mkataba wa nyumbani kwa kawaida hauhusu bidhaa za biashara. Inaweza pia kukataa dai zima, ikisema imefichwa jambo muhimu. Mume hakudanganya kwa makusudi. Alijaza fomu peke yake. Ndiyo maana fomu hii ijazwe na wote wawili, na bidhaa zitajwe ili ziwekewe bima yake ya biashara.

Jambo la pili ni thamani. Ili kupunguza ada, watu hutaja kiasi kidogo. Tuseme vitu vyote vina thamani ya shilingi milioni 10, nanyi mkaandika milioni 5. Wezi wakichukua vya milioni 4, msitarajie milioni 4. Mikataba mingi hulipa kwa uwiano: mlikata bima ya nusu, mtalipwa nusu, yaani milioni 2. Humo hukatwa pia ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unawataka mbebe wenyewe. Ulizeni kama fidia inatosha kununua kitu kipya, au inapunguzwa kwa uchakavu.

Tatu ni jina. Vitu vingine alinunua mke kwa faida yake, vingine mume. Hakikisheni majina yote mawili yamo kwenye hati. Jina likiwa la mmoja tu, naye yuko safarini Kampala, anayebaki na majivu anaweza kukwama kufungua dai.

Nne ni safari yenyewe. Mikataba mingi hupunguza au kusimamisha kinga ya wizi nyumba ikikaa bila mtu kwa siku kadhaa mfululizo. Kama nyote wawili husafiri, ulizeni ni siku ngapi, na kama mlinzi au ndugu anayelala pale anahesabika. Simu na kompyuta mnazotembea nazo huhitaji kipengele chake, tena ulizeni kama kinavuka mpaka. Fedha taslimu chini ya godoro hufidiwa kidogo sana au hazifidiwi kabisa.

Mwisho ni ushahidi. Pigeni picha chumba kwa chumba, hifadhini risiti na karatasi za forodha kwenye simu zote mbili. Televisheni iliyopitishwa njia za panya ni vigumu kuithibitisha. Hasara ikitokea, toeni taarifa polisi na kwa kampuni mapema.

Kabla ya kulipa, hakikisheni kampuni na wakala wana leseni: kwa TIRA nchini Tanzania, au kwa mamlaka za bima zilizoko Nairobi na Kampala. Ombeni hati yenyewe, siyo risiti pekee, na msome ukurasa wa mambo yasiyofidiwa kabla ya ukurasa wa bei.

Kazi hii huchukua jioni moja, daftari na kalamu. Mmoja ataje kitu, mwingine aandike bei ya kukinunua leo. Jumla ikiwashangaza, mtakuwa mmejua mnachokiacha nyuma kila mnapopanda basi.